Mtaa Umelala

Walimwita Mama Mita, na jina lenyewe hakulipenda hata kidogo. Alikuwa na watoto wenye majina yao, mtu angeweza kumwita kwa jina la mmojawao akapata thawabu. Lakini kwa miaka mingi alizunguka majumbani kusoma mita, akichungulia nyuma ya milango na chini ya ngazi na tochi yake, mpaka jina likamganda kama kupe. Alimjua kila mbwa wa mtaa ule kwa tabia yake. Alijua nani anaficha friji ya biashara chumbani na nani anawasha pasi kama hana akili nzuri. Hakusema. Mwanamke yule alikuwa na mdomo mkali, ila siri ya mtu hakuitoa.

Umeme ulikuwa kazi ya ukoo. Marehemu baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume, alikuwa fundi wa laini, mtu wa kupanda nguzo kwa mkanda kiunoni, na alikuwa na mchezo mmoja uliomtia mkewe wazimu. Alipokuwa nyumbani amekaa zake, kimya kabisa, alipiga ukelele ghafla: "Achia!" Hapo mwenye kushika kitu chochote alipaswa kukiachia papo hapo na kufungua mikono yote miwili. Kijiko, daftari, mkate, haijalishi. Aliyechelewa alichekwa hadi jioni. Baba alisema fundi anayefikiri kwanza ndipo aachie, huyo ameshazikwa. Mama yao alisema anachokijua yeye ni kwamba vikombe vyake vimekwisha. Na kweli, katika nyumba ile chai ilinywewa kwenye vikombe vya bati, maana vya udongo vilishateketea vyote kwa ajili ya elimu.

Mdogo wake Mama Mita ndiye aliyerithi mkanda ule. Naye alipewa jina la utani, na aliyempa ni shemeji yake, mume wa Mama Mita: Kunguru, kwa sababu alishinda juu ya nyaya. Mashemeji hawa wawili walitaniana tangu siku ya posa. Kunguru naye alimwita mwenzake Baba Vifaranga, kwani mzee huyo alipoacha udereva alinunua mashine ya kutotolea mayai na kuiweka stoo, na tangu hapo alizungumza habari za vifaranga hata misibani. Kunguru alipopita nyumbani, salamu ilikuwa ni matusi matamu. "Shemeji, bado unalalia mayai?" "Kunguru, bado hujaanguka?" Kisha walicheka na kuitisha chai, na Mama Mita aliwaambia wote wawili hawana kazi.

Halafu ikaja sera. Sera ni neno la watu wa tai na vikao, na kwa kawaida hufika mtaani likiwa limechoka, lakini hii ilifika na malori. Serikali iliamua kuufumua mfumo mzima wa umeme na kuufuma upya, kuanzia minara mikubwa inayovuka mabonde hadi waya wa mwisho unaoingia kwa mtu. Nyaya tupu zilizokuwa zikigusana kila upepo ukivuma zingetolewa, zifungwe nyaya zilizovikwa ngozi nene. Transfoma mpya zingeletwa. Na mita, jamani, mita mpya zilikuwa zinajisoma zenyewe na kupeleka habari ofisini bila kupanda basi wala kuomba maji ya kunywa njiani.

Mama Mita aliposikia hilo hakupata usingizi. Mita inayojisoma ina haja gani na mama? Lakini waliotunga sera, ambao tukiwalaumu kwa mengi tuwasifu kwa hili, waliandika kwamba wasoma mita wasitupwe, wafundishwe kazi nyingine. Yeye akafundishwa usalama wa mitaa. Cheo chake kwenye kitambulisho kilikuwa kirefu hata kikakosa nafasi, lakini mafundi walikifupisha wakakiita mlaza mtaa.

Kazi ya mlaza mtaa ni hii. Mafundi wanapokuja kubadili nyaya, umeme unakatwa kwenye transfoma. Watu wanadhani basi, waya umekufa. Kumbe nyumbani kuna jenereta. Mtu akiliunganisha vibaya na umeme wa nyumba, umeme ule haubaki ndani. Unatoka kupitia mita, unapanda hadi nguzoni, unamkuta fundi ameushika waya kwa mikono yake. Kwa hiyo mlaza mtaa hupita nyumba kwa nyumba, akahakikisha kila swichi kuu imeshushwa na kufungwa utepe mwekundu, na kila jenereta limezimwa. Akimaliza humwendea msimamizi wa mafundi, wakatazamana usoni. Husema, "Mtaa umelala." Msimamizi humuuliza, "Nani kaulaza?" Naye hujibu, "Nimeulaza mimi." Si kwa simu, si kwa karatasi. Bila maneno hayo, hakuna mguu unaoacha ardhi.

Kulikuwa na jambo jingine lililowakaba watu koo. Sera ilisema mtaa usiokuwa tayari siku yake unarukwa, mafundi wanahamia kwingine, na wenyewe wanasubiri hadi bajeti ijayo. Mtaa mmoja wa jirani ulisharukwa, na hadi leo taa zao zinakonyeza kama mtu mwenye chongo.

Basi siku ya mtaa wake mwenyewe ilipofika, Mama Mita aliamka kabla ya jogoo. Alipokuwa akifunga viatu alimuuliza mumewe, "Baba, lile jenereta?"

"Bovu," mume akajibu bila kumtazama, akipuliza chai yake. "Nimelipeleka kwa fundi tangu juzi."

"Na mayai yako?"

"Mayai yana Mungu wao."

Jibu lile lilikuwa la upole mno kwa mtu yule, na siku nyingine mkewe angelishtukia. Leo alikuwa na mtaa mzima kichwani. Akatoka.

Alianza kazi. Kila nyumba aliwarudia somo lilelile: wiki iliyopita mafundi walifunga swichi kuu mpya nje, ukutani, chini ya mita mpya; ile ya zamani ya ndani haina kazi tena, ni pambo, hata ukiishusha hushushi kitu. "Mama, umeelewa? Ya nje!" "Ya nje, Mama Mita." Mzee mmoja alimwonyesha ya ndani mara mbili, Mama Mita akamshika mkono kama mtoto na kumtoa nje hadi kwenye ya kweli. Kinyozi wa kona aliishusha yake mbele ya macho yake huku akilalamika kwamba vichwa vya watu havisubiri sera. Mama Mita akafunga utepe, akamwambia watu wachane nywele.

Alipopita mbele ya lango lake mwenyewe alilitazama, akapita. Wahenga walishasema, mganga hajigangi, kinyozi hajinyoi. Somo la swichi mpya alilitoa kwa mtaa mzima, isipokuwa kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Akamwendea msimamizi, mtu mfupi mwenye kofia ya njano na sauti ya kukwaruza. Wakatazamana.

"Mtaa umelala."

"Nani kaulaza?"

"Nimeulaza mimi."

Kunguru alipanda nguzo ya mwisho, ile iliyo karibu na kinyozi. Kipande kile cha nyaya kilishakatwa upande wa pili na kutengwa, na minyororo ya kupeleka umeme ardhini, ambayo ingemlinda, ilikuwa imebaki upande wa transfoma. Ilitakiwa iletwe, lakini kazi ilikuwa nyuma na msimamizi alikuwa akitazama jua. Kunguru alipima nyaya kwa kifaa chake, zikawa zimekufa kweli. Akapenya katikati yake, mbili usawa wa magoti, mbili usawa wa kifua, akajifunga mkanda. Fundo moja la zamani lilimgomea. Akavua glavu moja apate vidole, akaiuma kwa meno.

Chini, watu walikuwa wamekaa vibarazani kama walio kwenye uwanja wa mpira. Mama Mita alisimama kivulini, akanywa maji, akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo redio ya kinyozi ikaimba.

Iliimba kwa sauti ya juu, jinsi alivyoiacha umeme ulipokatwa, na taa juu ya kioo chake ikawaka. Na kama ilivyo desturi ya kila mtaa uliowahi kukaa gizani, watoto waliruka juu kwa furaha, na wakubwa nao, wote kwa sauti moja:

"Umerudiii!"

Mama Mita hakufikiri. Angefikiri, tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Kilichotoka kifuani mwake hakikuwa sauti yake hata kidogo, kilikuwa cha marehemu baba yake, na kilimtoka kikali hadi koo likauma:

"Achia!"

Juu ya nguzo mikono ya Kunguru ilifunguka, vidole vitupu vikiwa ndiyo kwanza vinalifikia fundo. Koleo ilianguka ikagonga lami. Glavu ilifuata. Alilala nyuma juu ya mkanda wake, mikono wazi hewani, waya ukiwa upana wa kiganja mbele ya kifua chake na mwingine karibu na magoti. Hakugusa. Lakini kushuka hakuweza, na kupanda hakuweza. Akijitikisa tu ameugusa.

"Usitikisike!" dada yake alilia. "Usitikisike, mdogo wangu!"

"Sitikisiki," Kunguru alijibu, kwa sauti ndogo kuliko aliyoizoea mtu yeyote.

Mama Mita aliingia kwa kinyozi akamkamata ukosi. "Jenereta liko wapi?"

"Sina! Naapa sina! Niliinua swichi tu, umeme ukirudi nisichelewe—"

Mwongo si huyu, aliona machoni. Kinyozi alikuwa na kiherehere tu, na kiherehere chake ndicho kilichowaonyesha umeme ambao usingeonekana. Umeme wenyewe ulitoka kwingine. Mama Mita alirudi barabarani akainua mkono. "Nyamazeni wote! Zima hiyo redio!" Mtaa ukanyamaza. Hata mbwa walinyamaza.

Kwa mbali, nyuma ya nyumba, kitu kilikuwa kinanguruma. Kilikuwa kimefunikwa, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Alianza kutembea kuelekea huko, kisha akaanza kukimbia. Aliipita nyumba ya mzee wa swichi mbili, sauti ikawa kubwa. Aliipita nyumba ya mwalimu, ikawa kubwa zaidi. Kila lango alilolifikia alilisihi moyoni liwe hilohilo, amlaani mwenye nyumba, amshtaki, amchukie maisha yake yote. Ngurumo haikumhurumia. Ilimwongoza hadi kwenye lango lenye kutu pembeni, lango ambalo funguo zake zilikuwa mfukoni mwake.

Hakusimama. Akasukuma lango.

Mumewe alikuwa stoo amechuchumaa mbele ya mashine ya mayai, uso umejaa furaha, sikio ameliweka karibu na kioo. "Njoo usikie," alisema alipomwona, "yameanza kulia ndani ya maganda." Nyuma yake, kwenye soketi ya ukuta, ilichomekwa ile kamba aliyoitengeneza mwenyewe zamani, yenye plagi huku na huku. Kamba ilipita dirishani hadi bafu la nje, ambako jenereta lilifunikwa magodoro mawili.

Alijua haifai kuichomoa ile kamba, kwani ncha ingebaki na umeme imwue yeye. Alikimbilia bafuni, akavuta magodoro, akabonyeza swichi ya jenereta. Likakohoa, likanyamaza.

"Mke wangu, mayai!" mume alipiga kelele kutoka stoo. "Siku ya leo ndiyo yanatotolewa! Nimeshusha swichi, nakuapia nimeshusha!"

"Ipi?"

"Si hii hapa!" Mkewe alipotokea mlangoni akamwonyesha ya ndani, ile aliyoishusha miaka yote, mkono wake umeshika palepale ulipozoea kushika. Pambo.

Mkewe alimtazama. Alitaka kumpiga. Alitaka kulia pia, na hakuna kilichowahi. "Kunguru yuko juu ya nguzo," alisema.

Mzee yule alikaa chini sakafuni kama aliyekatwa miguu.

Waliporudi barabarani, Kunguru alikuwa bado amelala juu ya mkanda, mikono wazi. Hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke mpaka dada yake alipomwambia. Mafundi walimsaidia hatua za mwisho. Msimamizi alikuwa amevua kofia. Aliuliza swali ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilingoja, na kila mtu akatazama viatu vyake.

"Nyumba ya nani?"

"Kwangu," Mama Mita alisema.

"Nilimdanganya mimi," mumewe akadakia haraka. "Yeye hakujua. Nilimwambia jenereta ni bovu."

"Sikuingia kukagua," alisema mkewe. "Niliulaza mtaa wote, kwangu nikaruka."

"Na mimi minyororo sikuisubiri," msimamizi alisema taratibu, kama anayejisemea. Kisha akasema kwamba yote hayo atayapeleka ofisini kama yalivyo, na nyumba yenye kamba ya namna ile, kwa mujibu wa sheria, hairudishiwi umeme mpaka shauri lisikilizwe. Akaitazama saa, akaitazama nguzo. "Leo basi. Tutawaruka."

Manung'uniko yalipita vibarazani. Hakuna aliyemtukana Mama Mita, na hilo lilimuuma zaidi.

Kunguru alikuwa ameegemea gurudumu la lori. Baba Vifaranga alimkaribia, akasimama mbali kidogo. "Shemeji," alianza.

"Bwana," Kunguru alimjibu, "niache kwanza."

Bwana! Tangu posa hakuwahi kumwita hivyo. Mzee alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Akaenda nyumbani, akaishusha swichi ya nje, akakaa chini yake na mgongo wake ukutani, na hapo alikaa mchana kutwa. Mtu alipomuuliza habari za mayai alisema yaacheni yapoe.

Kunguru akainuka, akaokota glavu yake. "Minyororo iletwe," alimwambia msimamizi. "Na dada apite upya. Akisema umelala, napanda."

"Atakayesema ni yeye tena?"

"Kuna mwingine ambaye leo atakagua kuliko yeye?"

Msimamizi akarudisha kofia kichwani, akaagiza minyororo iletwe, na Mama Mita akapita upya. Alianza kwake, mbele ya macho ya mumewe ambaye hakuinua kichwa. Alifunga utepe, akaichukua ile kamba na kuikata vipande kwa kisu cha jikoni. Kwa kinyozi alifunga mlango kwa kufuli na kuweka ufunguo kifuani. Aliporudi mbele ya msimamizi sauti ilikuwa imekwisha, maneno yakatoka kama mchanga.

"Mtaa umelala."

"Nani kaulaza?"

Aligeuka kwanza. Alimtazama mdogo wake, na mdogo wake akamtazama.

"Nimeulaza mimi."

Kazi ilikwisha jua likielekea kuzama. Nyaya mpya zilining'inia nyeusi na nene. Kunguru hakutaka kurudi na lori. Alikuja akakaa kibarazani kwa dada yake, akiwa bado na mkanda kiunoni. Mama Mita alimpa chai kwenye kikombe cha udongo, kizuri, cha wageni. Mumewe alikaa upande wa pili wa mlango. Watatu hao walitazama barabara. Kutoka stoo, kama masikio yake hayakumdanganya, Mama Mita alisikia kitu kikilia mara moja, kidogo sana, kikanyamaza.

Kisha mtaa ukawaka. Uliwaka wote kwa pamoja, kila dirisha, mwanga mweupe uliotulia usiokonyeza, isipokuwa nyumba yao. Redio ya kinyozi iliimba. Na watoto wakaruka:

"Umerudiii!"

Mikono ya Kunguru ilifunguka. Yote miwili, wazi kabisa. Kikombe kilianguka kikavunjika, chai ikatiririka hadi miguuni mwa shemeji yake. Kunguru aliendelea kukaa hivyo, viganja juu, akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mzee aliinuka. Alipiga magoti, akaanza kuokota vigae kimoja kimoja katika mwanga wa nyumba za watu, akivipanga kiganjani. Mkewe aliona mabega yake yanatikisika.

"Shemeji," Kunguru alisema hatimaye, mikono yake bado wazi. "Acha, utajikata."

Mzee hakuacha.